Kamba ya Koplo

Duka la Maloba,
Busia,
Juni 1945

Kaka yangu mpendwa Oluka,

Salamu zangu zikukute popote zitakapokukuta, ukiwa umesimama, umeketi au umelala hemani. Mimi mdogo wako Acen ni mzima wa mwili. Wewe je, u hali gani? Ile homa uliyotuandikia kabla ya Krismasi imekuachilia? Na miguu iliyokuwa ikichubuka kwa matope, imepona? Mnapata chumvi? Mama huniuliza habari ya chumvi kila nikienda nyumbani, nami humjibu kwamba jeshi la Mfalme haliwezi kukosa chumvi, ingawa sijui lolote. Wasalimie wenzako wa hema moja. Namsalimu pia yule bwana anayefungua barua na kuzisoma kabla yako. Bwana msomaji, humu hamna siri ya vita. Nakuomba tu usinifutie maneno yangu, kwa sababu kazi ya kufuta naijua, na ndiyo iliyonitia matatani.

Naandika kwa Kiswahili, siyo kwa Kiateso chetu, maana tumeambiwa barua za Kiswahili hupita upesi kwa wakaguzi na hizo nyingine huwekwa kando mpaka apatikane mtu wa kuzielewa. Huenda ndiyo sababu hujatujibu. Tumekuandikia tangu mwaka ulipoanza, na hatujapata hata bahasha tupu.

Nimekaa barazani kwa Maloba, Msamia mmoja anayeuza mafuta ya taa na majembe. Nimelikalia sanduku langu la bati. Mbele yangu kuna lori la Kisumu linapakia ngozi za ng'ombe, na nafasi yangu humo imekwisha kulipiwa. Nimesimama na kuketi mpaka Maloba amechoka kunitazama. Ameniuliza, "Wewe dada, nakwenda ama nabaki? Ama siafu naingia kwa nguo?" Nikamwambia kwamba namwandikia ndugu yangu aliye vitani. Basi ameacha utani wake, akanikopesha wino, maana mtoto wa dada yake naye yuko huko kwenu. Kama kuna kijana wa Kisamia karibu nawe anayecheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, mwambie mjomba wake mzima.

Habari za kwetu Molo ni nzuri kwa upande wa shamba. Wimbi limesimama vizuri. Mahindi nyani wamekula walichotaka na kutuachia walichochoka. Edeku, katekista wetu, ameoa tena, na mahubiri yake yamekuwa mafupi, watu wanamshukuru mke. Vita vya Ulaya vilipokwisha mwezi uliopita, kengele zililia Tororo na bomani wakagawa sukari. Mama aliposikia akavaa gauni lake la Pasaka, akaenda kusimama barabarani tangu asubuhi, akikungoja. Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakamweleza kwamba Wadachi wamekwisha lakini Wajapani wangalipo. Akauliza ni vita vingapi walivyokutia, kwa maana yeye aliaga mtoto wa vita vimoja.

Sasa nikuambie habari za kazi yangu, kwa sababu yote niliyo nayo moyoni yameanzia hapo. Ulipoondoka mimi nilikuwa nikidarizi vitambaa kwa masista. Mgoa mmoja mpiga picha wa Tororo, jina lake Lobo, aliviona vitambaa hivyo, akawaomba wanipe ruhusa nimfanyie kazi. Picha, kaka, haitoki tu ndani ya kamera kama yai ndani ya kuku. Kwanza huwa kwenye kioo, na kwenye kioo hicho kila kitu ni kinyume: meno meusi, nywele nyeupe, nguo ya harusi kama masizi. Hapo ndipo mimi ninapoingia. Nina penseli iliyochongwa mpaka inachoma kama mwiba, na kisu kidogo kisichozidi ukucha. Makunyanzi ya mama wa mtu nayajaza kwa penseli. Doa jeupe la koti nalikwangua kwa kisu. Askari wengi walipigwa picha kwetu kabla ya kupanda treni, na wote niliwaondolea chunusi. Nimekuwa mtu mbaya tangu nianze kazi hii. Nikimtazama mtu machoni nayatafuta ya kukwangua, na siwezi kukaa kanisani nikamsikiliza Edeku bila kumpunguzia kidevu.

Mwaka jana akaja mteja wa namna nyingine. Ni Bwana Thornley, daktari wa ng'ombe wa serikali, mrefu, mwenye masikio yaliyoungua kwa jua. Ng'ombe ni kazi yake, ndege ni ugonjwa wake. Hujenga kibanda cha majani kando ya vinamasi vya Sikuda, akajifungia humo na kamera tangu alfajiri mpaka siafu wamtoe. Anataka kutengeneza kitabu cha ndege wa mpakani, kila ndege na picha yake moja, sura na mabega, kama vile alikuja studio na kuomba apigwe. Aliniletea mdiria, hondohondo na mnana wa manjano. Jamani, nilifurahi! Ndege haombi apunguzwe pua. Kazi yangu ilikuwa kuondoa jani lililopita mbele ya jicho, kulififisha tawi lililo nyuma, na kuurudisha ule mng'aro mdogo wa mboni uliopotea kwenye dawa. Bila huo mng'aro ndege huonekana amekaushwa. Ukiuweka, anakutazama. Siku niliyomtia mdiria mng'aro wake, Bwana Thornley alisema kwamba sasa ndege huyo anaweza kuuma.

Lakini korongo mwenye taji alimshinda. Kila alipomkaribia, korongo aliruka. Vioo vyake vyote vilikuwa na mgongo wa korongo, au miguu yake, au majani yanayotikisika mahali alipokuwa. Alizungumza habari zake kila siku kama mtu aliyeachwa na mchumba. Nami, kaka, unajua ulimi wangu. Nikasema kwamba sisi kwetu tunaye mmoja anayekula mkononi, jina lake Koplo.

Ndiyo, Koplo wako yu hai. Amekuwa mkubwa mno. Taji lake limesimama lote, rangi ya nyasi kavu zilizopigwa na jua, shavu jeupe, na chini ya kidevu kile kitambaa chekundu. Bado anatembea kwa maringo kama anakagua gwaride. Watu wanakumbuka ulivyompa cheo hicho wakati wewe mwenyewe hukuwa hata na utepe mmoja begani. Mama alikuwa akimpa wimbi kila asubuhi, kisha akiinama, akiishika kamba iliyokuwa mguuni mwake na kulipapasa fundo lako.

Habari ya kamba waijua kuliko mimi. Acha hata hivyo niieleze, ili bwana msomaji asidhani ni maneno ya siri ya kijeshi. Nyumbani kwetu, mtu anayekwenda safari ya mbali humfunga mnyama mmoja uani kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kumfungua. Babu alipochukuliwa kubeba mizigo katika vita vile vya kwanza, alifunga ndama. Siku moja kamba ilikutwa imefunguka, nzima, haikukatika, na kabla mwezi haujaisha Babu akaingia uani, amekonda kama ufito. Tangu hapo wakasema kamba ikifunguka yenyewe nzima, msafiri ameugeuza uso wake nyumbani. Baba alipokwenda kuchimba dhahabu Tiira, alifunga beberu. Kamba ile ilikutwa imetafunwa. Siku iliyofuata wakamleta Baba, shimo limemwangukia. Wewe ulikuwa unawafahamu watu vizuri, mimi nilikuwa bado mdogo, lakini kamba ile iliyotafunwa Mama bado anayo. Na wewe ulipoandikwa askari wa Keya ulimfunga Koplo kwenye kigingi kando ya ghala, kamba ndefu ya katani, kwa lile fundo lako la ndama linaloimeza ncha yake ndani. Ukamwambia Mama asihofu, hakuna ndege mwenye meno. Nakumbuka alicheka, na ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka hivyo.

Basi mwezi uliopita, siku chache baada ya zile kengele, Bwana Thornley akaja Molo na gari lake. Mama alimtilia mashaka, lakini alipoona jinsi anavyomtazama Koplo akamlegezea. Mama alipiga makofi polepole kama unavyojua, na Koplo akaanza kucheza, akafungua mabawa, akaruka, akainamisha shingo. Mzungu alikuwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera, na nikasikia anacheka humo ndani peke yake. Mwishowe Koplo alisimama wima, taji limeshika mwanga wote wa asubuhi, akaelekeza jicho lake moja kwenye kamera. Hapo ndipo alipopigwa picha. Katika maisha yangu sijaona picha nzuri kama ile.

Kamba ilikuwamo. Ilishuka kutoka mguuni ikakatiza majani, nyeupe, inaonekana kuliko ndege. Bwana Thornley alisema kwamba ndege wa porini hana kamba, na kitabu chake ni cha ndege wa porini, basi niiondoe. Sikufikiri mara mbili. Nilichapa picha moja ya kujaribu, nikaiweka pembeni, kisha nikakiinamia kioo na kisu changu. Kwenye kioo kamba ilikuwa mstari mweusi. Niliukwangua kidogo kidogo, nikazuia pumzi nilipofika kwenye kifundo cha mguu, maana hapo ukiteleza ndege atakuwa kilema kitabuni milele. Nilipomaliza, Koplo alikuwa amesimama katika majani ya Mungu, hajui mtu. Bwana Lobo aliwaita majirani waje kuona. Nilijisikia mkubwa, kaka, sikufichi. Nikachapa picha ya pili kwa ajili ya Mama, nikaitia kwenye fremu ya mbao, nikaifunga kwa khanga na kuipeleka nyumbani kama mtu anayepeleka mahari.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Alimtazama Koplo, akatabasamu, akamgusa taji kwa kidole. Kidole kikashuka shingoni, kifuani, mguuni, kikasimama. Akaniuliza kamba iko wapi.

Nikamwambia nimeitoa. Akageuka kutazama uani. Koplo alikuwa pale, na kamba mguuni. Akaitazama picha tena. Kwa Mama picha haidanganyi, kwa sababu ile ya Baba iliyopigwa Tiira imebaki na uso wake hata sisi tuliposahau. Akasema kwamba macho yetu yanaona ya leo, na kile kioo cha Mzungu kimeona ya kesho. Kamba ya Babu ilifunguka, ya Baba ilitafunwa, lakini hii imepotea yote, na kamba isiyoacha hata kipande hakuna aliyewahi kusikia maana yake. Nikacheka, kwa hofu. Nikaanza kumweleza kazi yangu tangu mwanzo, kioo, dawa, penseli, kisu. Nilipotaja kisu alininyamazisha kwa mkono. Akauliza taratibu kama niliikata kamba ya ndugu yangu kwa kisu. Nikasema siyo kamba, ni alama ya kamba. Akauliza tena: kwa kisu?

Nilijibu ndiyo. Ningejibu nini?

Tangu siku hiyo Mama alilala sakafuni, kama wanavyolala waliofiwa. Wimbi la Koplo akawa anamwaga kwa mbali bila kumtazama. Hakulipapasa fundo tena. Edeku alikuja kumwombea, akamsikiliza kwa adabu, akarudi mkekani. Mimi nikawa natembea kutoka Tororo kila Jumamosi, njiani nikipanga maneno mapya, na nikifika yananikauka. Nikajaribu kuirudisha kamba. Nilikaa siku nzima na brashi ya manyoya matatu, nikaichora upya juu ya picha, uzi kwa uzi, hata kivuli chake. Bwana Lobo mwenyewe hakuweza kutofautisha. Mama aliitazama, akasema kamba ya wino haifungi hata panzi.

Katika hali hiyo hiyo Bwana Thornley akapewa uhamisho kwenda Kisumu. Akamwomba Lobo aniruhusu nimfuate, nikazimalize picha zake zote za ndege, na huko kuna studio kubwa yenye taa za umeme na vioo vya kukuzia picha ambavyo sijapata hata kuviota. Nitapata chumba kwa mke wa mchungaji. Kaka, nilitaka sana kwenda. Nilikuwa nikiamka na kukunja nguo, nikizikunjua, nikizikunja. Mikono yangu ilikuwa imekwisha fika Kisumu, mwili ulikuwa bado Tororo. Lakini ningewezaje kumwacha mama aliyelala sakafuni kwa ajili ya kisu changu? Nikamtajia mara moja tu, kwa mbali. Akasema niende kama nataka, atabaki na ndege. Unajua sauti anayotumia mama anaposema nenda.

Jumapili hii iliyopita jambo likatokea. Mama alitoka kanisani, akaingia uani, akakuta Koplo hana kamba. Haikukatika, haikutafunwa. Ilikuwa nzima, imeviringwa vizuri na kutundikwa juu ya mlango wa nyumba yako, kama Babu alivyoitundika ya ndama wake mlangoni aliporudi. Mama aliishika yote, akaipitisha vidoleni kutoka ncha hadi ncha akitafuta jeraha, hakuliona. Hakuuliza ni nani aliyeiviringa, akapiga kigelegele. Kaka, Molo yote ilikimbia. Akasema picha ile haikuwa mbaya, ni sisi hatukuijua kusoma: kamba haikuwamo kwa sababu Oluka alikuwa anakwenda kuifungua. Akanikumbatia akilia, akaniomba msamaha, mimi!

Tangu hapo hajakaa. Mkeka wa sakafuni ameukunja. Nyumba yako imekandikwa upya, hata lile tundu la mchwa nyuma ya mlango. Ameloweka wimbi la ajon, pombe yetu ya karamu, mitungi kwa mitungi, na mirija ya wazee ameitoa darini na kuiosha. Anamwambia kila apitaye kwamba uso wa Oluka umegeuka. Akaniambia na mimi nifunge sanduku langu niende Kisumu bila wasiwasi, kwa sababu ndugu yangu yuko njiani na mji una mwanamume. Alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa akiimba.

Koplo naye ameona dunia. Asubuhi huruka kwenda kinamasini, wako wenzake huko, tunamsikia akibishana nao. Jioni hurudi mwenyewe, akatua kando ya ghala na kusimama penye kigingi. Hakuna aliyemwita. Husimama kwa mguu mmoja, na ule anaoukunja ni ule uliokuwa na kamba.

Oluka, kamba haikufunguka yenyewe. Nimeifungua mimi.

Nilijidai mgonjwa nisiende kanisani. Waliposhika njia nilimwita Koplo kwa wimbi, nikampakata. Fundo lako, Mungu akusamehe, lilinitoa jasho. Vidole vyangu hivi vinavyosifiwa havikuliweza, nikalilegeza kwa meno, na kila mara nilikuwa nikiinua kichwa kuitazama njia ya kanisani. Sikutumia kisu. Niliapa sitatumia kisu. Ilipofunguka nikaiviringa na kuitundika juu ya mlango wako, nikarudi kitandani na kujifunika, na matope ya miguu ya ndege yakiwa bado kifuani mwangu. Nilimsikia Mama akiingia, kisha nikasikia kigelegele. Nilifurahi, kaka. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa, kama vile ni kweli.

Nilijiambia nafanya hivyo ili ainuke sakafuni. Na kweli ameinuka. Lakini tangu alfajiri, nilipopanda gari la Busia, najiuliza swali moja na halinipi nafasi ya kukaa: je, nilimfungulia yeye au nilijifungulia mimi? Maana sanduku langu lilikuwa limekwisha kufungwa siku ile ya Jumapili, kabla sijamshika ndege. Hilo Mama halijui. Nimemdanganya ili ainuke, na nimemdanganya ili anipe ruhusa, na uongo ni ule ule mmoja. Picha ya mtu ukiikwangua anatoka mzuri, akakushukuru, akaenda zake. Mama sikumkwangua kunyanzi. Nimempa mtoto anayerudi, wala sijui kama yupo.

Nimeandika neno hilo na sasa siwezi kulifuta. Sijui kama upo. Nakuandikia kwa maneno ya utani kama vile umekaa hapa ukichokonoa meno, na huenda barua hii itarudi na mhuri juu yake. Nimechoka kukuogopea, Oluka. Mama analala sakafuni na kuamka na kuimba, mimi sina mahali pa kuweka hofu yangu, naiweka mikononi, na mikono haitulii.

Wenye lori wamemaliza kupakia. Dereva amepiga honi, ameniita, akaniita tena kwa jina la mnyama. Nimemwambia aende. Maloba amesimama mlangoni, ameshika kiuno, anasema, "Sasa hiyo pesa ya lori nakula nani?" Nimemjibu dereva ataila. Vumbi lao halijatua bado. Waswahili wanasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia Busia, hata mpaka sijauvuka vizuri. Narudi Molo na gari la jioni. Nitamwambia Mama kwa mdomo wangu, kabla ajon haijaiva na wazee hawajakaa kuuzunguka mtungi na kuuliza mgeni yuko wapi. Najua atarudi sakafuni. Nitatandika wangu kando yake, nilale hapo, na Kisumu ikinitaka itaningoja.

Ila nakuomba jambo moja. Kama barua hii inasomwa na macho yako, andika. Usitafute maneno mazuri. Andika jina lako tu. Kama mkono hauwezi, mwambie mwenzako akushike kidole, akipake wino na kukibonyeza kwenye karatasi. Mama atakijua kidole chako, amekikata kucha tangu kikiwa kama punje ya mtama. Na wewe bwana msomaji, kama Oluka hayupo hapo, kama unajua aliko, nakuomba kwa mama yako uniandikie wewe. Lolote litakalokuwa.

Edeku na mkewe wanakusalimu. Majirani wote wanakusalimu, pamoja na wale mliogombana kwa mbuzi, wamesamehe. Maloba anakusalimu bila kukujua. Mama hajui kwamba nimeandika leo, lakini salamu zake hazihitaji kutumwa, anazituma kila anapofagia mlango wako. Mungu akukinge na mvua za huko, na akurudishe na miguu yako miwili.

Ni mimi mdogo wako asiyejua kukaa,
Mable Acen

Nyuma ya karatasi hii nimekutilia picha. Ni ile ya kujaribu, niliyoichapa kabla kisu hakijagusa kioo. Koplo anakutazama, na kamba yote imo. Ukiisogeza kwenye mwanga utaliona fundo lako mguuni, na ncha imejificha ndani kama ulivyoiacha. Kwingine kote halipo tena. Hili moja sikuligusa, kaka. Njoo ulifungue mwenyewe.